Doegi Hakusema Uongo

Soma 1 Samweli 21:1–9 na 22:9–22.

Doegi Mwedomi alikuwapo Nobu siku Daudi alipofika kwa kuhani Ahimeleki akiwa na njaa. Baadaye alimweleza Sauli jinsi Daudi alivyopewa chakula na upanga wa Goliathi. Angalia vizuri, ndugu msomaji: chakula kilitolewa kweli, na upanga ulitolewa kweli. Hata hivyo makuhani 85 waliuawa, na mji wa Nobu ukapigwa, hata watoto wanyonyao. Tunapoonywa juu ya kufunua siri za watu, wengi wetu hujitetea kwa kusema, "Lakini ni kweli." Doegi naye angeweza kusema hivyo.

Nami nina deni hapa. Miaka kadhaa iliyopita, katika darasa dogo la Shule ya Sabato huku Kifungilo, dada mmoja alinivuta kando baada ya somo. Aliniambia amepima, amekutwa na virusi vya UKIMWI na ameanza dawa. Akaniomba nimwombee. Sabato iliyofuata, wakati wa maombi, nilisema tumkumbuke mama mmoja wa darasa letu aliyeanza kutumia dawa za maisha. Nilidhani nimemsitiri, maana sikumtaja jina. Kabla ya Jumatatu habari zilikuwa zimefika Lushoto mjini. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwalimu, akina mama darasani tuko wanne." Akahamia kiti cha karibu na mlango, kisha akaacha kuja.

Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya kipimo yawe siri. Muuguzi angefanya nilichofanya, angeulizwa. Mimi hakuna aliyeniuliza, kwa kuwa nilikuwa naomba. Nahofu kwamba maombi ya hadharani yametupa njia ya kusema mambo ya wenzetu huku tumefumba macho.

Je, basi tunyamazie kila jambo? Soma Matendo 23:16–22. Mpwa wa Paulo alisikia njama ya watu zaidi ya 40, naye hakuificha. Alimwambia Paulo, kisha jemadari. Jemadari akamshika mkono, akaenda naye kando, akamsikiliza, akamwagiza asimwambie mtu mwingine. Habari ile ilifika kwa aliyeweza kuokoa, ikaishia hapo. Vivyo hivyo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Mzee wa kanisa akiambiwa na binti kwamba anaumizwa nyumbani, naye akajibu kwamba jambo hilo limalizwe kimyakimya ndani ya kanisa, amemsaliti mtoto huyo, ingawa hakufungua kinywa chake nje.

Nilikwenda kwa yule dada kumwomba radhi. Alinipa chai, tukazungumza habari za mvua na viazi. Akasema amenisamehe, nami naamini alimaanisha. Lakini tangu siku ile hajaniambia jambo lake lolote, wala simlaumu.

Jadilini darasani: Katika 1 Samweli 22:22 Daudi anakiri kwamba siku ile alijua Doegi angemwambia Sauli, naye anajihesabia vifo vile. Je, alipaswa kufanya nini alipomwona Doegi pale Nobu?