Chembe ya Jicho na Chembe ya Kisigino

Iko hoja moja isemwayo sana barazani, na wenye kuisema huidhani kuwa ni hekima. Husema kwamba watu ni kama mwili: mwili una kichwa na una nyayo, na Mwenyezi Mungu aliyekiumba kichwa ndiye aliyeziumba nyayo, basi kila mtu na akae pale alipowekwa na nasaba yake. Kwa hoja hii mtoto wa ukoo fulani hulelewa akijua kwamba yeye ni wa kutangulizwa, na mwenziwe huambiwa, kwa ulimi au kwa jicho, kwamba wazee wake wa zamani walikuwa watumwa, basi asitamani kuketi mbele wala asipeleke posa nyumba fulani. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani yetu ya Kenya mwaka 1907. Hoja hii bado haijafutwa nyoyoni, nayo ndiyo tutakayoitazama leo.

Kuufananisha umma na mwili si jambo baya. Mtume wetu (s.a.w.) aliwafananisha waumini na mwili mmoja katika kupendana na kuhurumiana kwao. Lakini mfano ule ni wa huruma, na hawa wameugeuza kuwa mfano wa daraja. Na kwa kuwa wao ndio waliouita mwili uje kutoa ushahidi, ni haki tuusikilize ushahidi huo mpaka mwisho.

Mwili wa mtu mzima umejengwa kwa chembe hai zipatazo trilioni 30, yaani milioni 30 zilizokaririwa mara milioni moja, na aina zake zapita 200. Chembe ya fahamu yaweza kuwa na uzi wa urefu wa kama mita moja, kutoka uti wa mgongo mpaka wayo. Chembe za moyo zimeunganishwa kwa vijilango vya kupitishia umeme, ili zipige pamoja. Chembe nyekundu ya damu, inapopevuka, huvua hata kiini chake ili ipate nafasi ya kuchukua hewa. Nayo huishi siku kama 120, kisha ikafa. Mwenye kuzitazama chembe hizi atasema bila shaka kwamba asili zao ni mbalimbali.

Lakini asili yao ni moja. Zote zimetokana na chembe moja tu, lile yai la mama lililokutana na mbegu ya baba. Chembe hiyo hugawika ikawa mbili, mbili zikawa nne, na kila igawikapo hunakili maandishi yote ya urithi, ambayo ndani yake mna jeni zipatazo 20,000 za kutengenezea protini. Makosa madogo ya kunakili hutokea, lakini kitabu ni kile kile. Chembe ya jicho haikupewa kitabu cha heshima, wala chembe ya kisigino haikupewa kitabu cha unyonge.

Tuchukue mfano wa maradhi tuyajuayo majumbani mwetu, maradhi ya sukari. Insulini, ile dawa wanayojidunga wagonjwa, kwa asili hutengenezwa na chembe maalumu za kongosho, nazo huimwaga katika damu ili iziamrishe chembe za misuli na za mafuta kuipokea sukari. Maandishi ya kutengeneza insulini yamo pia katika chembe ya ngozi ya kisigino. Kisigino hakiitengenezi kwa sababu ukurasa ule kwake umefungwa, na kwa kongosho umefunguliwa. Na hufungwa na kufunguliwa vipi? Mtoto angali tumboni, chembe changa hupokea ishara kutoka kwa jirani zake. Na kwa ishara hizo, na kwa mahali zilipo, kwa kudra ya Mola, kurasa hizi hufunguka na zile hufungika. Basi tofauti zao zimetokana na malezi na ujirani; urithi wao ni mmoja.

Wako wataalamu waliodhani kwamba chembe iliyokwisha kuwa ya utumbo imezipoteza kurasa zake nyingine. Mwaka 1962 John Gurdon, Mwingereza, alitangaza kwamba alitoa kiini cha chembe ya utumbo wa kiluwiluwi cha chura, akakitia katika yai la chura ambalo kiini chake kilikuwa kimeharibiwa. Baadhi ya mayai hayo, ingawa ni machache, yalikua yakawa viluwiluwi wazima wenye macho na moyo. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka wa Japani na mwenzake walizirudisha chembe za ngozi ya panya katika hali ya uchanga kwa kuzitia jeni nne tu; na chembe zilizorudi uchangani zaweza kulelewa zikawa za aina nyingine. Mwaka 2012 Gurdon na Yamanaka walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Huu ndio ushahidi wa mwili, nao umewageukia wale waliouita.

Pengine atasema msemaji: Hata hivyo mwili hauwezi kuwa jicho tupu, lazima kiwepo kisigino. Twamjibu: Kweli, kazi haziwezi kuwa moja. Lakini tazama mwili ufanyavyo. Haukinyimi kisigino damu kwa kuwa kiko chini. Na mgonjwa wa sukari ambaye nyayo zake zimekufa ganzi aweza kukanyaga msumari asijue. Kidonda kikaoza, mguu ukakatwa, au akafa yeye na jicho lake na kichwa chake. Umma usiosikia maumivu ya walio chini umekwisha kuugua, ijapokuwa uso wake wang'ara.

Wala tusiuzidishe mfano. Mtu si chembe. Chembe haichagui kazi yake, wala haitaulizwa Siku ya Kiyama; mtu ataulizwa. Na hatukuhitaji chura wa Gurdon ili tujue kwamba sote ni wana wa Adamu na kwamba ubora ni kwa ucha Mungu. Haya tumeyapokea katika dini kwa zaidi ya miaka 1,400, na Bilali, aliyekuwa mtumwa, ndiye aliyechaguliwa kuadhini. Sayansi haikutuletea haki. Imemwondoa shahidi wa uwongo tu. Ama mas-ala ya kufu katika ndoa, wanavyuoni wana maneno yao katika vitabu vya fiqhi, nasi hatuyaingilii. Tunachokikataa ni kiburi kinachojificha nyuma ya maneno hayo.

Basi, ndugu zetu, kila mmoja wetu ana ukurasa wa mwenziwe mkononi. Mwalimu wa madrasa amwonaye mtoto mwenye akili kisha akamweka nyuma kwa ajili ya jina la babu yake, ameufunga ukurasa ulioandikwa na Mola. Mzazi amzuiaye binti yake kutafuta ilimu amefanya vivyo hivyo, na wasimamizi wa msikiti wamtafutao imamu kwa ukoo kabla ya kumtafuta kwa kisomo na uchaji wamefanya vivyo hivyo. Kisha sote hukaa tukasema: Wale hawana kitu. Wanacho, ila hawakufunguliwa.

Mwenyezi Mungu atutakase nyoyo zetu na kiburi, na atuwezeshe kuwafungulia wenzetu yale aliyowapa. Amin.