Mama Aliposema Mtoto Ana Kiu

Muuguzi yeyote anayepangiwa wodi ya watoto anapaswa kusimuliwa habari za Josie King kabla hajapokea zamu yake ya kwanza ya usiku. Josie alikuwa na umri wa miezi 18, mtoto wa mji wa Baltimore nchini Marekani. Januari 2001 aliingia kwenye bafu lenye maji ya moto, akaungua sehemu kubwa ya mwili. Alipelekwa Hospitali ya Johns Hopkins, hospitali ambayo madaktari kutoka pembe zote za dunia huiota kama mahali pa kusomea. Akatibiwa vizuri katika chumba cha watoto mahututi, ngozi ikaanza kupona, akahamishiwa wodi ya waliopata nafuu. Nyumbani ndugu zake wakaanza kuandaa sherehe ya kumpokea.

Mama yake, Sorrel King, ndiye aliyekuwa naye kando ya kitanda. Akaona kwamba kila Josie alipoona kinywaji alilia akikitaka, lakini mama alikuwa ameambiwa asimpe. Alipomwogesha kwa kitambaa chenye maji, mtoto alikidaka akakinyonya kwa nguvu zake zote. Usiku macho yakawa yanageuka juu. Mama akamwomba muuguzi amwite daktari. Akajibiwa kuwa watoto hufanya hivyo mara nyingi, na kwamba vipimo viko sawa. Mama akasema mwanawe hajawahi kufanya hivyo. Akamweleza na muuguzi mwingine, naye akamtuliza vilevile.

Alfajiri hali ilikuwa mbaya. Madaktari wakaitwa, wakampa naloksoni, dawa inayoondoa makali ya dawa kali za maumivu. Mama akaomba mtoto aruhusiwe kunywa. Akanywa karibu lita nzima ya juisi. Likatolewa agizo kwa mdomo kwamba asipewe tena dawa hizo kali za maumivu. Mchana akaja muuguzi na bomba la sindano lenye methadoni, dawa ambayo Tanzania na Kenya wengi wanaijua kwa kuwasaidia waraibu wa heroini, lakini ambayo hospitalini hutumika pia kwa maumivu. Mama akashtuka, akalitaja agizo la asubuhi. Muuguzi akasema limebadilishwa, akampa mtoto dawa. Moyo wa Josie ukasimama huku mama akimshika miguu. Tarehe 22 Februari 2001 akafariki, kwa upungufu wa maji mwilini na dawa ambayo hakupaswa kupewa.

Hapa ndipo muuguzi wa Handeni au wa Kilifi anaposikia baridi mgongoni. Kunywa kwa pupa ni dalili anayoijua kwa moyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaotumika hata kwenye zahanati za vijijini unaiweka pamoja na macho kudidimia na ngozi iliyofinywa kurudi polepole. Muuguzi mwenye mizani, saa na macho yake tu angeitambua kiu ile. Johns Hopkins haikukosa kifaa, wala wauguzi wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na vipimo vinavyosema mtoto yuko salama na mama anayesema hayuko salama, wakachagua vipimo.

Na vipimo vya mtoto hupotosha kwa namna ambayo vya mtu mzima havipotoshi sana. Mwili wa mtoto unaopoteza maji hubana mishipa na kuuharakisha moyo, kwa hiyo shinikizo la damu hubaki la kawaida kwa muda mrefu. Linaposhuka, mtoto ameshafika mwisho wa nguvu zake, na huanguka ghafla. Kabla ya hapo mabadiliko huonekana katika vitu vidogo: hachezi, hamtazami mama, analia kilio kisicho chake. Hakuna mashine inayojua kilio cha mtoto kilikuwaje juzi. Mama anajua.

Sorrel King alisema, akarudia, akabisha mbele ya muuguzi mwenye dawa mkononi, na bado hakusikika. Sasa mfikirie mama wa wodi zetu. Amelala kwenye kanga chini ya kitanda, pengine kitanda chenyewe kina watoto wawili. Anasema mara moja tu, kwa sauti ya chini: "Samahani sista, naona mtoto wangu hayuko sawa." Akijibiwa "Mama, tulia, tunajua kazi yetu," hatasema tena. Amelelewa kumheshimu mwenye sare, na anaogopa kwamba akisumbua, mwanawe atachelewa kuhudumiwa. Kwake, ile mara moja ndiyo mara zote.

Najua muuguzi anayejibu hivyo mara nyingi yuko peke yake na wodi nzima, dripu zinaisha, na mlangoni ameletwa mtoto mwenye degedege. Uchovu huo ni wa kweli, na wanaopanga idadi ya wauguzi wanapaswa kuubeba. Hata hivyo ni huyo aliyechoka anayehitaji zaidi jicho la pili, na jicho hilo liko pale pembeni ya kitanda usiku kucha, bila mshahara.

Familia ya King ilipolipwa fidia ilitoa sehemu ya fedha kwa hospitali ileile ili ianzishe mpango wa usalama wa wagonjwa watoto. Mwaka 2005 hospitali moja ya Pittsburgh, Marekani, ikaanza kuwaruhusu ndugu wa mgonjwa kupiga simu wenyewe na kuita timu ya dharura, kwa sababu ya Josie. Uingereza ilihitaji kifo cha Martha Mills, msichana wa miaka 13 aliyefariki mwaka 2021 baada ya wazazi wake kueleza wasiwasi wao bila kusikilizwa, ndipo mwaka 2024 utaratibu wa namna hiyo ukaanza kuenezwa hospitalini chini ya jina lake.

Wodi zetu nyingi hazina timu ya kupigiwa simu, lakini zina saa ya kukabidhiana ripoti. Muuguzi anayeingia zamu anaweza kupita kitanda kwa kitanda na kumuuliza mama: Mtoto ameshindaje? Ananyonya? Kuna kitu umeona ambacho si kawaida yake? Jibu aliandike kwenye faili kwa maneno ya mama mwenyewe, pamoja na saa, karibu na joto na mapigo ya moyo. Mama akisema dawa fulani daktari aliizuia, bomba lirudi kwenye trei, na daktari wa zamu aamshwe athibitishe kwa maandishi, hata kama ni saa tisa usiku na daktari huyo ni mkali.