Mkono Usioweza Kuukata

Pwani ya Mrima mtoto hufundishwa kubusu mkono kabla hajajua kusoma. Chuoni anaubusu wa mwalimu. Akija sharifu mgeni, anapanga foleni na wenzake aubusu wake. Siku ya Idd anazunguka nyumba hadi nyumba akibusu mikono ya wazee, na mingine inamwachia sarafu. Busu hilo ni la heshima na la kuomba baraka. Ndiyo maana methali isemayo "Mkono usioweza kuukata, ubusu," inaposemwa Mkwaja, Kipumbwi au Pangani, ina ukali ambao mtu wa bara huenda asiuhisi. Imeichukua ishara ya heshima kuliko zote ikailaza kando ya kisu. Anayebusu na anayetamani kukata ni mtu mmoja, na kilichomzuia ni hesabu tu, mapenzi hayamo.

Shuleni methali hii hufundishwa kama funzo la unyenyekevu na kuachwa hapo. Naona ufafanuzi huo unaipunguza. Methali haisemi kwamba mkono ule una haki ya kubusiwa, wala kwamba mwenye nao ni mwema. Inasema pima kwanza. Ukipima ukaona huuwezi, busu, uishi. Na anayepewa ushauri huo anaielewa nusu iliyobaki bila kuambiwa: siku utakapouweza, busu la jana halikufungi. Wazee huisema kwa sauti ya chini, tena mara nyingi baada ya mwenye mkono kuondoka.

Wapo wanaoiita methali ya waoga. Siwaungi mkono. Mvuvi mwenye mtumbwi mmoja na watoto wa kulisha, anayemwitikia ofisa "ndiyo mheshimiwa" huku moyoni akikataa, hajauza utu wake, amenunua muda. Hatari ninayoiona ni nyingine. Anayebusu miaka mingi husahau kwamba alikuwa akihesabu. Hila inageuka kuwa mazoea, na mtoto anayemwona baba yake ameinama anadhani kuinama ndiyo sheria ya dunia. Kuna pia watu ambao Watanzania siku hizi wamewapa jina la machawa, wanaobusu mkono kwa sababu unawalisha. Hao methali haiwahusu. Chawa hana haja ya kupima kama mkono unakatika, kwa kuwa ukikatika naye anakufa njaa.

Sasa mtazame mwenye mkono. Yeye anaona midomo tu. Busu la ampendaye, la amwogopaye na la chawa yote humfikia kwa namna moja. Kadiri anavyoogopwa ndivyo anavyobusiwa, na kadiri anavyobusiwa ndivyo anavyojua machache kuhusu watu wake. Mtawala anayeogopwa na kila mtu hana mtu wa kumwambia kama anapendwa. Nadhani hapa ndipo methali ilipoficha falsafa yake. Inaonekana kumshauri mnyonge, kumbe inaeleza pia upofu wa mwenye nguvu.

Na hapo ndipo inapoligusa swali linaloulizwa vibarazani Afrika Mashariki yote: je, hasira ya wananchi kwa serikali yao yaweza kuzaa mapinduzi? Jibu la methali ni kwamba hasira haitoshi. Hasira ipo siku zote. Kuna watu wamezikwa nayo. Kinachobadilika ni kipimo. Serikali inaweza kuchukiwa miaka arobaini ikabusiwa kila asubuhi, kisha ikaanguka kwa usiku mmoja, bila chuki kuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni habari, kwamba mkono ule unakatika, na kwamba jirani yangu naye alikuwa akibusu kwa hesabu kama mimi.

Mkwaja haina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kijiji hiki kiko ufukweni kusini mwa wilaya ya Pangani, Saadani ikiwa chini yake kidogo na Unguja ng'ambo ya mkondo. Katika karne ya 19 ukanda huu wote ulikuwa milango ya misafara ya bara. Mkono uliobusiwa ulikuwa wa Sultani wa Unguja. Liwali wake alikaa Pangani, bendera yake nyekundu ilipepea, ushuru wake ulikusanywa forodhani. Lakini majumbe, wakuu wa miji ya Mrima, walibaki na mambo yao. Waligawana ada na misafara, waliamua kesi, na kwenye sikukuu walilisha watu wao. Bwana Heri wa Saadani, mwenye nguvu kubwa kwa Wazigua, aliitambua bendera ya Sultani kwa kadiri ilivyomfaa. Lilikuwa busu jepesi, na Unguja ilikuwa na busara ya kutodai zito zaidi.

Sayyid Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi uliofuata mrithi wake, Sayyid Khalifa, alitia saini mkataba ulioikabidhi pwani hii kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Watu wa Mrima hawakuulizwa. Agosti kampuni ilifika kuchukua miji. Pangani ilipewa wakala kijana aitwaye Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, na jina hilo linatosha kueleza tabia yake. Alitaka bendera ya kampuni ipande, na liwali awe mtumishi wake. Liwali aliposita, Nyundo aliomba askari kutoka manowari iitwayo Carola. Wakashuka wakati wa Idd kubwa, wakaivamia nyumba ya liwali, bendera ya Sultani ikavunjiwa heshima. Habari iliyoenea pwani nzima ilisema kwamba Wazungu waliingia msikitini na viatu vyao na mbwa wao.

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa kuwa wengi wakisimulia vita vilivyofuata huruka kutoka mbwa msikitini hadi bunduki za Abushiri, kiongozi wa vita hivyo. Tusi lilikuwa kubwa, lakini tusi peke yake halikufanya kazi. Angalia siku lilipotokea. Idd iliujaza mji. Walikuwapo watu wa mashamba ya miwa ya bonde la Mto Pangani, wapagazi wa misafara, Wazigua wa vijijini, watwana na waungwana. Watu ambao siku za kawaida kila mmoja angelinung'unikia jambo hili nyumbani kwake walijikuta uwanja mmoja, wakatazamana. Kisha manowari ikaondoka. Ilipotoweka tu, kila mtu aliweza kuhesabu: Wajerumani waliobaki walikuwa wachache kuliko waumini wa msikiti mmoja. Mwanzoni mwa Septemba umati uliwafungia ndani ya nyumba yao. Hata matajiri wa mji waliuogopa umati huo. Wapo waliokuwa na hamu ya kumwondoa Nyundo salama kuliko ya kumwona ameuawa. Aliyekuja kuwatoa ni Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa jemadari wa majeshi ya Sultani, na yeye pia Pangani ikamkataa.

Ndipo likajitokeza jina la Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa karibu na mji. Yeye hakuizaa hasira ile. Aliikuta imeshasimama, akaipa uongozi. Bwana Heri akashika Saadani. Mwisho wa Septemba kampuni ilikuwa imepoteza karibu pwani yote, ikabaki Bagamoyo na Dar es Salaam. Nina hakika mtu wa Mkwaja wa mwezi ule angekuambia kwamba mkono umekatwa.

Kumbe kilichokatwa ni kiganja. Mkono wenyewe ulikuwa Berlin. Januari 1889 Bunge la Ujerumani lilipitisha fedha, alama milioni mbili, na ofisa Hermann Wissmann akatumwa na askari wa Kisudani waliokusanywa Misri, pamoja na wengine kutoka Msumbiji. Saadani ilipigwa mizinga kutoka baharini, Pangani ikatekwa Julai. Abushiri alisalitiwa akakamatwa, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alipigana hadi alipoishiwa, na Aprili 1890 akajisalimisha, akasamehewa. Shujaa yule wa Saadani alirudi kwenye methali. Simlaumu, watu wake walikuwa na njaa. Mwaka 1891 kampuni iliondolewa kwenye utawala na nafasi yake ikachukuliwa na dola ya Kijerumani yenyewe. Hasira ya haki kabisa, iliyoungwa mkono na watu wa kila tabaka, ilimwondoa bwana dhaifu ikaleta bwana mwenye nguvu. Mapinduzi hayakuwa.

Ng'ambo ya mkondo, miaka 75 baadaye, hesabu ilikwenda vingine. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Zanzibar, chama cha Afro-Shirazi kilipata takriban asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31. Muungano wa vyama viwili vingine, ZNP na ZPPP, ukaunda serikali. Kura zilikuwa zimeshasema hadharani kwamba wengi hawakuitaka serikali ile, na hivyo lile jambo ambalo kwa kawaida hufichwa na busu lilikuwa limehesabiwa na kutangazwa. Tarehe 10 Desemba Mwingereza aliondoka, na mkono wa nyuma ukaondoka naye. Serikali mpya ikawaachisha kazi polisi waliotoka bara, watu waliojua silaha zimewekwa wapi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 ghala za silaha za Ziwani na Mtoni zilivamiwa, na John Okello, mzaliwa wa Uganda, akasikika redioni. Sultani Jamshid akapanda meli.

Methali haisemi lolote kuhusu kesho yake, na ukimya huo unatisha. Maelfu waliuawa, wengi wao Waarabu ambao kosa lao lilikuwa nasaba. Okello mwenyewe alitupwa nje ya visiwa kabla mwaka haujafika katikati. Visiwani hapakufanyika uchaguzi mwingine wa viongozi wa Zanzibar hadi 1980. Aliyeukata mkono mmoja alijikuta mbele ya mwingine, na wapo walioanza kubusu upya siku ile ile.

Kuna methali ndugu ya hii ambayo watawala wangefaa kuipenda zaidi: "Wengi wape." Juni 2024 Nairobi iliionyesha. Vijana waliupinga Muswada wa Fedha bila chama wala kiongozi, wakaingia bungeni tarehe 25, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akasema hatausaini. Baada ya wiki mbili alivunja karibu baraza lake lote la mawaziri. Yeye alibaki. Hayo hayakuwa mapinduzi, ila hayakuwa busu pia, na nadhani serikali ile ilinusurika kwa kutoa kitu kabla hesabu haijakamilika.

Tanzania, siku ya kupiga kura, tarehe 29 Oktoba 2025, maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine. Intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, watu wakauawa kwa idadi ambayo bado inabishaniwa. Tarehe 1 Novemba Tume ya Uchaguzi ikatangaza kwamba Rais Samia Suluhu Hassan ameshinda kwa asilimia 97.66. Sitaki kugombana na tarakimu. Nauliza tu mtawala anajifunza nini kutoka kwa namba ya namna hiyo, iliyotangazwa wakati mitaa ina askari. Busu la asilimia 97 halimwambii nani alipenda, nani aliogopa na nani hakutokea. Wapinzani wakuu walikuwa nje ya karatasi ya kura, Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, kwa hiyo njia ambayo Zanzibar ya 1963 ilihesabia hasira yake haikuwapo. Anayedhani kwamba kuifunga njia hiyo kunaondoa hasira amechanganya kipimajoto na homa.

Ndiyo maana jambo linalonishughulisha kuliko mapinduzi ni mahali ambapo mtu hana haja ya kubusu wala kukata. Mkwaja inapo mahali hapo kisheria. Sheria ya mwaka 1982 ya mamlaka za wilaya inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na kila mtu mzima ni mjumbe. Mwenyekiti ni jirani. Mnanunua samaki sehemu moja. Na mambo ya kuuliza hayakosekani. Ardhi ya hapa ilikuwa ranchi ya kampuni ya Amboni tangu miaka ya 1950, ng'ombe wakasumbuliwa na mbung'o, ikafungwa mwaka 2000, kisha ikaunganishwa na Saadani, iliyotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Kwa kijiji kinachopakana na hifadhi maswali yanajulikana: mpaka unapita wapi, tembo akila shamba nani alipe, mapato ya utalii yanafika wapi.

Kiongozi anayetaka kujua Mkwaja ina hasira kiasi gani asiende siku ya ziara, siku ya ngoma na vigelegele na kofia za bure. Aombe mihtasari ya mikutano minne ya mwaka uliopita. Aangalie maswali gani yaliulizwa na nani aliyajibu, na kama maswali hayamo, aulize kwa nini hayamo.