Pasipo Gari, Gari ni Wewe

Jana jioni ulikuja na baiskeli yako ya mtumba kutoka Dar, ukaiegemeza kwenye mnazi wangu kwa adabu ya mtu aliyeleta posa, kisha ukaniambia neno lililonikesha: "Babu, barabara yote ile haina gari hata moja." Ukacheka. Nami nikacheka, maana mjukuu akicheka babu hana budi. Ulipoondoka nilikaa barazani hapa Rasbura mpaka taa za wavuvi zikapotea baharini, nikiligeuza neno lako kama anayetafuta mwiba katika kipande cha samaki.

Mnataka, ninyi wanne, kutoka Mto wa Mbu, kufuata chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kupita Engaruka, kupita ubavuni mwa Oldoinyo Lengai, hadi Engaresero kwenye Ziwa Natron. Zaidi ya kilomita 100 za changarawe, vumbi na majivu ya volkano. Nendeni. Sitakuzuia. Mtoto aliyekulia kwenye mchanga na matumbawe ya Lindi ana haki ya kuona kwamba nchi yake ina ardhi nyingine iliyotoka tumboni mwa moto. Lakini njia ile naijua, na sikuijua kwenye ramani ya simu.

Hapa mtaani nafahamika kama mwalimu mstaafu. Wengi hawajui kuwa kituo changu cha kwanza kilikuwa huko, mwaka 1986. Mshahara tuliufuata Mto wa Mbu, kama kilomita 60, nami nilikuwa na Phoenix nyeusi niliyoinunua Arusha kwa mwenzangu aliyekuwa anahama. Unatoka alfajiri, ukuta wa Bonde uko upande mmoja, upande mwingine tambarare na migunga, na mpaka jua linasimama utosini hujasikia injini. Nakubali, raha yake haina mfano. Unasikia cheni yako, pumzi yako, na changarawe inayoruka chini ya tairi. Ujana ukichanganyika na ukimya ule unaanza kuamini kwamba barabara imetengenezwa kwa ajili yako.

Nikueleze kwanza habari za mlima wenyewe, maana utaulizwa ukirudi. Una urefu wa mita 2,962, na Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Ukiutazama kwa mbali kileleni kuna weupe. Wageni hudhani ni theluji. Ule ni magadi, mjukuu wangu, ndugu wa haya haya ambayo bibi yako anatia kwenye kisamvu. Volkano nyingine nyingi hutapika mwamba ulioyeyuka kwa joto la nyuzi elfu moja na zaidi. Huu unatoa uji mweusi, mwepesi, wa nyuzi 500 hadi 600 tu, na uji huo ukishapoa na kupata unyevu wa hewa hugeuka mweupe. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa kitu cha namna hiyo. Mwanajiolojia Dawson aliupanda mwaka 1960 akaushuhudia uji ule kwa macho yake, na mojawapo ya madini yaliyokutwa humo likaitwa nyerereite, kwa jina la Mwalimu Nyerere. Mimi nilifundisha watoto chini ya mlima ule nikiwaandikia ubaoni jina la Mwalimu, na sikujua kwamba limo pia ndani ya mawe. Mwaka 2007, mwezi Julai, ardhi ilitetemeka hata Nairobi wakasikia. Septemba mlima ukaanza kurusha majivu. Mimi nilikuwa nimesharudi pwani siku nyingi.

Sasa kisa chenyewe. Ilikuwa siku ya mshahara, nami nimechelewa kutoka. Karibu na Engaruka njia inaingia kwenye korongo. Ukishuka vizuri, mwendo wa kushukia unakupandisha ng'ambo bila kukanyaga pedali. Nilishuka nikiwa nimeachia breki. Chini ya korongo, penye kona, punda wanne walikuwa wanapanda na madumu ya maji, nyuma yao kina mama wawili na mtoto wa kike. Nikapiga kengele. Kengele ya Phoenix unaijua inavyolia. Punda wakatawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja akaingia kwenye miiba na mzigo wake, madumu mawili yakapasukia kwenye mawe, na yale maji, nakwambia, ardhi ile iliyanywa kabla sijasimamisha baiskeli. Lilibaki doa jeusi tu kwenye vumbi la kijivu, na pembeni yake kifuniko kimoja cha dumu kikizunguka, kikizunguka, hadi kikalala.

Mama mkubwa hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema maneno machache, na yule mtoto, kumbe mwanafunzi wangu wa darasa la tatu, akanitafsiria huku anatazama chini kwa kumwonea mwalimu haya: "Bibi anasema, gari tunalisikia tangu likiwa mbali, tunawatoa punda njiani. Wewe hatukukusikia."

Hilo ndilo nililotaka kukwambia. Mnasema barabara haina magari, mkimaanisha haina hatari. Hatari mliyoihesabu ni ya kwenu tu. Kwa mwenye punda, kwa mtoto anayechunga mbuzi, kwa bibi mwenye mzigo wa kuni aliyeinamisha shingo, pasipo gari, gari ni wewe. Tena gari bovu kuliko yote, lisilo na mngurumo. Wewe unayelalamika hapa Lindi kwamba madereva wa malori wanakupitia karibu wakati unakwenda Mnazi Mmoja, huko ndiko utakakokuwa lori.

Baada ya maneno ya yule mama, niliyafunga madumu mengine mawili kwenye keria nikaenda kuteka mtoni walikotoka. Nikaenda kwa baiskeli, nikarudi kwa miguu nasukuma, maana njia ya kupanda na maji hata Phoenix inakataa. Mshahara sikuupata siku ile. Nilifika Mto wa Mbu dirisha limefungwa, nikalala kwa deni. Kengele niliing'oa kesho yake. Watu walidhani imeharibika. Tangu hapo nikitaka kupita naita kwa sauti, kama mtu anayebisha hodi. Huko utasema "Supai," watakujibu "Ipa." Sauti ya mtu hata punda anaijua. Na ukiona ng'ombe, usipige salamu ukiwa unakwenda: shuka, simama kando, waache wapite wote mpaka ndama wa mwisho. Kijana mwenye fimbo atakuonyesha ni lini uendelee. Kushuka kwenye baiskeli si kushindwa. Ninyi wa siku hizi mna ugonjwa wa kuhesabu kilomita, mnaona kusukuma ni aibu, sijui nani aliwaambia.

Na tusidhani wenye njia ni hawa wa leo tu. Engaresero, kusini mwa Natron, kuna nyayo zaidi ya 400 za watu zilizoganda kwenye majivu ya volkano, za miaka isiyopungua 5,000. Vidole vinaonekana, visigino vinaonekana. Na Laetoli, katika eneo la hifadhi ya Ngorongoro, mwaka 1978 kundi la mtafiti Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi yapata miaka milioni 3.6 iliyopita: majivu yakaanguka, mvua ikanyesha, wakapita, majivu yakakauka kama saruji. Kwenye nchi ile volkano imewaandika watembea kwa miguu kabla haijamwandika mtu mwingine yeyote. Mkifika Engaresero, mwombeni mwenyeji awapeleke mkazione, na baiskeli ziacheni mbali.

Mengine ni ya ufundi, na hayo nayasema haraka kwa sababu fundi wako atakwambia zaidi. Tyubu mbili za akiba kila mtu, kiraka, gundi. Pampu ya kuazima usiiamini mpaka umejaza nayo tairi zima, si kupuliza mara tatu ukasema inafanya kazi. Miiba ya migunga haina huruma, kwa hiyo mkipumzika inyanyueni baiskeli, msiiburute vichakani. Cheni ipanguseni kila jioni. Mtoto wa Rasbura hahitaji kuelezwa chumvi inavyokula chuma, basi vumbi la magadi lifikirieni hivyo hivyo. Maji ya Natron hayanyweki, na joto la kule chini si hili letu lenye upepo wa bahari, kwa hiyo pungufu ya lita tano kwa mtu mmoja usitoke nayo Engaruka. Mvua ikinyesha, laleni. Ule udongo ukilowa unashika tairi kama ugali wa makopa unavyoshika mwiko.

Lakini vumbi lenyewe ndipo penye shida, na ndipo penye faida yako. Kuna mahali majivu ya zamani yamesagika yakawa laini kama unga, tairi linazama hadi kwenye rimu. Wenzako wa Arusha na Moshi watakazana kukanyaga, wataanguka. Wewe umekulia kwenye mchanga. Punguza upepo mpaka tairi likubali kidogo ukilibonyeza kwa dole gumba. Kaa nyuma, uzito uwe juu ya gurudumu la nyuma. Kanyaga polepole bila kukatiza. Na usukani usiushindanie: ushike kama unavyomshika jogoo wa kupeleka sokoni, ukimbana anakufa, ukimlegezea anaruka. Baiskeli ikitaka kwenda kushoto kidogo, iache iende, itarudi yenyewe. Ikikwama, shuka. Nimeshasema habari ya kushuka.

Bibi yako anakusalimu, anasema umletee magadi. Yanunue gulioni Mto wa Mbu, usiende kuchota mwenyewe ziwani ukaonekana mwizi. Heroe pia watazame kwa mbali. Sehemu kubwa ya heroe wadogo wote wa dunia wanazaliwa kwenye ziwa hilo moja, na kelele za vijana wanne zinatosha kuwainua.

Kesho maji yanakupwa saa nne asubuhi. Njoo na baiskeli ufukweni, upepo umepunguza, mimi nitakuwa nimekaa kwenye ngalawa. Kutakuwa na kina mama wanaokusanya chaza na watoto wao wametapakaa mchangani kote. Upite katikati yao, uende hadi kule kwenye miamba na kurudi. Kengele iache nyumbani, tusikie sauti yako.