Kumpeleka kambini si kumtupa



Ndugu Waislamu, katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (RA), tunasimuliwa habari ya mwanamke mmoja wa Madina ambaye akili yake ilikuwa na kasoro. Mwanamke huyo alimwendea Mtume (SAW) akamwambia kuwa ana haja naye. Mtume (SAW) hakumuuliza ndugu zake wako wapi, wala hakumwagiza mtu amrudishe nyumbani kwao. Alimwita kwa heshima, mama fulani, kama anavyoitwa mtu mzima yeyote, akamtaka achague njia yoyote ya mji anayoipenda ili amsikilize huko. Akaenda naye pembeni ya njia mpaka yule mama akamaliza haja yake.

Natazama mambo mawili katika kisa hiki. Kwanza, yule mama alikuwa nje, mjini, hakufungiwa chumba cha uani. Pili, aliyechagua njia ni yeye. Kiongozi wa umma mzima ndiye aliyemfuata.

Nimekumbuka hadithi hii kwa sababu ya mzozo ulioingia katika ukoo wetu. Dada yangu na mumewe wanaishi Maryland, Marekani, mwaka wa ishirini sasa. Mtoto wao mkubwa ana miaka 27 na alizaliwa na sindromu ya Down. Kila majira ya joto humpeleka kwa siku sita katika kambi iliyo kando ya ziwa, inayopokea watu wazima wenye ulemavu wa akili. Huko hulala, hula, hupanda mashua, huogelea akiwa na mwangalizi wake, na usiku hukaa na wenzake wakiota moto. Habari ilipofika Dar es Salaam, mzee mmoja wa kwetu alikasirika. Eti wamempeleka mtoto kwa makafiri ili wao wapumzike! Mtoto wa Kiislamu, alisema, hulelewa na mama yake mpaka mmoja wao aingie kaburini.

Mzee huyu simlaumu kwa wivu wake wa dini. Lakini maneno yake yana jambo ambalo Waislamu wa mijini tunapaswa kulizungumza waziwazi, kwani nyumba nyingi za Kariakoo, Temeke na hata Mombasa zina kijana wa namna hii ndani, na jirani wa mlango wa tatu hajawahi kumuona.

Tuanze na hao Wamarekani wenyewe. Asije mtu akadhani kuwa wema huu wamezaliwa nao. Mwaka 1941, baba wa familia tajiri ya Kennedy alikubali binti yake Rosemary, aliyekuwa na upungufu wa akili, apasuliwe ubongo. Alikuwa na miaka 23. Baada ya operesheni hiyo hakuweza tena kutembea wala kuzungumza sawasawa, akapelekwa taasisi ya mbali na kwao, na aliishi hivyo mpaka alipofariki mwaka 2005. Na huko New York kulikuwa na Willowbrook, taasisi ya watu elfu nne iliyosongamanishwa zaidi ya elfu sita, watoto kwa wakubwa, wengine uchi, katika uchafu wao wenyewe. Televisheni ilipoonyesha hali hiyo mwaka 1972 nchi ilishtuka, lakini mahali hapo hapakufungwa mpaka mwaka 1987.

Ni mdogo wake huyo Rosemary, bibi Eunice Kennedy Shriver, aliyefungua uwanja wa nyumba yake huko huko Maryland mwaka 1962 na kuanzisha kambi ya mchana kwa watoto wenye ulemavu wa akili, wakati kambi nyingine zilikuwa haziwataki. Alileta vijana wa shule wawe wasaidizi, wacheze nao na kuogelea nao. Kutokana na mbegu hiyo, mwaka 1968 yakafanyika mashindano ya kwanza ya Special Olympics mjini Chicago, na mwaka 2019 mashindano hayo ya dunia yalikuwa Abu Dhabi, nchi ya Waislamu. Kwa hiyo tunachokiona leo ni watu waliofanya maovu makubwa, kisha baadhi yao wakaona haya. (Na serikali yao hadi sasa haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 30 cha mkataba huo kinataja michezo na mapumziko kuwa ni haki. Sisi tumesaini, wao wana kambi. Sijui kati yetu nani acheke.)

Sasa nirudi kwa dada. Sheria ya huko inampa kijana kama mpwa wangu elimu ya bure mpaka kwenye miaka 21. Baada ya hapo basi la shule halipiti tena mlangoni. Msaada wa serikali kwa watu wazima una foleni, na katika majimbo mengi foleni hiyo ni ya miaka. Wenzake aliosoma nao wametawanyika, mdogo wake wa kike ameolewa, na yeye amebaki na televisheni na mama. Anamuogesha mama, anamchagulia nguo mama, anamkatia nyama mama. Mtu wa miaka 27, mwenye ndevu! Dada aliniambia kwenye simu kuwa kilichomsukuma hakikuwa uchovu, ingawa uchovu upo. Ni ile aya ya Suratul Baqara (2:266), ya mtu aliyefikiwa na uzee huku ana watoto dhaifu, kisha bustani yake ikapigwa na kimbunga chenye moto ikateketea. "Bustani yake ni mimi," alisema. "Nikiungua, hajui kulala nyumba isiyokuwa na mimi."

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mama wa mtoto huyu ana miaka 58 na sukari. Ikiwa siku ya kwanza ya kijana huyu kutenganishwa na mama yake itakuwa ndiyo siku ya maziko ya mama, basi atapata misiba miwili kwa mpigo, na huo wa pili tutakuwa tumemtengenezea sisi kwa jina la mapenzi. Suratun Nisaa (4:9) inawaonya wanaohofia watoto dhaifu watakaowaacha nyuma, nayo inawaamrisha wamche Allah. Kumzoesha kulala usiku sita mbali na mama, akiwa na watu wenye mafunzo, huku mama bado yu hai na simu yake iko wazi, ni katika uchaji huo.

Ama kuhusu makafiri, dada na shemeji hawakumfunga macho na kumtupa. Waliandika mapema kwamba kijana hali nguruwe, na kwamba nyama isiyokuwa halali aachwe nayo, apewe samaki, mayai na mboga. Walisema atakayemsaidia kuoga awe mwanamume, na wakakubaliwa. Walimpelekea mswala na karatasi yenye picha za kuonyesha nyakati. Huyu kijana kalamu imeinuliwa kwake, haandikiwi dhambi, kama ilivyokuja katika hadithi ya watu watatu walioinuliwa kalamu. Lakini anapenda kusujudu, na anajua Suratul Ikhlas. Mwangalizi wake, kijana wa chuo asiyekuwa Muislamu, ndiye aliyekuwa akimkumbusha mswala unapowadia wakati.

Kwa upande mwingine, msikiti mmoja wa Waislamu wenzetu huko huko uliwahi kumuomba shemeji asije naye tena Ijumaa, kwa kuwa husema "Amin" kwa sauti kubwa na wakati usio wake. Nashukuru kwamba hali inabadilika. Taasisi ya Kiislamu ya MUHSEN, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2014, inaisaidia misikiti iwapokee watu kama hawa, na imekwishawapeleka baadhi yao Umra.

Wengine watasema kijana huyu hawezi kuamua lolote, basi akae. Wasome habari ya Habban bin Munqidh (RA), sahaba aliyekuwa dhaifu wa maamuzi na akidanganywa sokoni. Jamaa zake walimwendea Mtume (SAW) wakitaka azuiwe kununua na kuuza. Alipoitwa na kukatazwa, alisema hawezi kuiacha biashara. Mtume (SAW) hakumfungia nyumbani. Alimfundisha neno la kusema kila anaponunua, kwamba pasiwe na udanganyifu. Huo ndio ulinzi aliopewa: neno moja mdomoni, na soko likabaki wazi kwake. Na hata wale ambao Qur'an (4:5) imekataza wakabidhiwe mali, aya hiyo hiyo haikuishia kwenye chakula na nguo. Imeamrisha pia wasemeshwe maneno mazuri. Wangapi majumbani mwetu wanalishwa na kuvishwa, na hawasemeshwi?

Mpwa wangu aliporudi kambini mara ya kwanza alikataa shati alilowekewa kitandani. Akafungua kabati akachukua jingine, la mistari, na kulivaa vifungo vikiwa vimepishana. Dada anasema alikaa jikoni akalia, na hakumrekebisha vifungo.

Hatuna ziwa la kambi hapa, wala fedha zao. Lakini majengo yetu ya madrasa hukaa tupu likizo ya Desemba, na bahari ni ya Allah. Msikitini kwetu tumekubaliana kuanza na Jumamosi moja, kuanzia baada ya Alfajiri mpaka Alasiri, kwa vijana watano waliovuka miaka 18. Wasaidizi kumi wamejiandikisha, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, na muuguzi mmoja mstaafu atakaa na dawa. Kazi kubwa imekuwa kwa wazazi. Mama mmoja wa Magomeni amekuja mara tatu na swali lile lile: mwanawe akitaka kwenda chooni na akashindwa kusema, nani atajua? Tumempa kijana atakayekuwa naye aende nyumbani kwao jioni mbili wiki hii, ajifunze ishara zake. Jana alikwenda mara ya kwanza. Mama hajasema ndiyo, ila amemuomba arudi Alhamisi.