Jina la Mtengenezaji

Jioni moja akina mama wanane wa kikundi cha ushonaji walitujia nyumbani, katika mtaa wa Kamenge, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, wakiwa na karatasi. Walituletea sisi kwa sababu mwalimu wa Kiswahili, kama wasomaji wetu wajuavyo, ndiye karani wa mtaa mzima asiye na mshahara wa ukarani. Ilikuwa fomu ya kuingiza kazi ya mikono katika maonyesho yenye waamuzi na zawadi. Tulijaza aina ya kazi, vipimo vyake na vitu vilivyotumika, bila taabu. Tulipofika penye maneno "Jina la mtengenezaji", kalamu ilisimama. Neno lilikuwa katika umoja, na mstari uliofuata haukuzidi urefu wa kidole.

Kazi yenyewe ilikuwa mfarishi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutandika, na twasikitika kuona kwamba wanafunzi wetu wengi hawalijui tena. Mfarishi una tabaka tatu: juu ni viraka vilivyoungwa, katikati ni pamba au blanketi kuukuu, na chini ni bitana. Tabaka hizo hupigwa bandi kwanza ili zisiteleze, kisha hufungamanishwa kwa mishono midogo ya mkono ipitayo toka juu hadi chini. Viraka vya mfarishi huu vilikuwa mabaki ya vitenge na khanga yaliyookotwa chini ya vyerehani vya mafundi. Baadhi ya akina mama hao walijifunza kushona ukimbizini mkoani Kigoma, baada ya vita vilivyoanza mwaka 1993 kuwang'oa makwao. Wako waliorejea kambi ya Mtabila ilipofungwa mwaka 2012. Kiswahili chao pia kilikomalia huko, na twakiri kwamba ni kizuri kuliko cha baadhi ya wenye vyeti.

Kutayarisha mfarishi kwa macho ya waamuzi si sawa na kuutayarisha kwa usingizi. Alama za chaki hazina budi kufutika, ncha za nyuzi zifichwe ndani, pindo liwe limejaa na pembe zake nne ziwe kamili. Mwamuzi huugeuza aone upande wa nyuma, ambako mshonaji hawezi kujificha, na hutazama kama mishono ina urefu mmoja. Hapo ndipo penye kisa chetu. Pembe moja ilishonwa na bibi ambaye macho yake yamepungua nguvu. Mishono yake ilikuwa mirefu, imepinda kidogo, na yeyote angejua kuwa ule ni mkono mwingine. Wenzake walikuwa wamekwisha kupatana kuifumua usiku, bibi akiwa hayupo, na kuishona upya.

Kwa nini wafanye hivyo? Kwa sababu zawadi ya mtu mmoja ilikuwa kubwa kuliko ya kikundi, nao walikuwa wameazimia kuandika jina la mdogo wao, mjane ambaye mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Ikiwa mfarishi ni wa mtu mmoja, basi sharti uonekane ni wa mkono mmoja.

Tuliwasimulia habari ya Marekani. Mwaka 1933 kampuni ya Sears, Roebuck iliandaa mashindano ya mifarishi yaliyoambatana na maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago. Iliingizwa mifarishi zaidi ya 24,000, na zawadi ya kwanza ilikuwa dola 1,000, fedha nyingi mno katika miaka ile ya dhiki. Aliyeshinda ni Margaret Rogers Caden wa Lexington, Kentucky. Baadaye ilijulikana kwamba kazi ile ilikuwa ya wanawake aliowalipa ujira. Hawakupata sehemu ya zawadi, wakanyamaza kwa kuhofia kukosa kazi. Mfarishi wenyewe alipewa Bi. Eleanor Roosevelt, mke wa rais, na hata leo haijulikani uliko.

Mama mmoja akatukata kauli. "Mwalimu, huyo aliwadhulumu wenzake. Sisi jina tumempa wenyewe, kwa ridhaa. Nani ameibiwa?"

Hoja hiyo ni nzito, wala hatukuwa na jibu mara moja. Hapana shaka ridhaa huondoa wizi: mwenye jasho aweza kulisamehe jasho lake. Lakini jina katika fomu ni sentensi, na sentensi ina msemaji na msikilizaji. Mshonaji aweza kusamehe haki yake mwenyewe. Je, aweza kusamehe pia haki ya yule anayeambiwa? Tuliwaomba wamfikirie mama wa Ngozi au wa Gitega ambaye ameshona peke yake, usiku kwa usiku, kisha kazi yake ipimwe na mikono kumi na sita inayojiita miwili. Huyo hakuulizwa ridhaa yake. Na bibi naye hakuulizwa kuhusu pembe yake. Twaona kwamba uongo ule mdogo wa kalamu ulikuwa umekwisha kudai kazi ya mkasi.

Tulisema hayo kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuungua. Miaka mingi iliyopita tulipeleka insha ya mwanafunzi wetu katika mashindano. Tulisahihisha neno, kisha sentensi, kisha aya, mpaka kijana hakubakiwa na kitu ila jina lake juu ya ukurasa. Alishinda. Jukwaani aliombwa aeleze neno moja aliloliandika, naye hakulijua; akageuka, akatutazama. Hakutusema. Hatujapata kumwomba radhi.

Akina mama walinyamaza kitambo. Aliyenena ni yule mjane: "Andika wote." Tukaandika majina manane. Herufi zilizidi kuwa ndogo, na jina la bibi, lililokuwa la mwisho, likateremka pembeni mwa karatasi. Pembe yake haikufumuliwa.

Zawadi ya kikundi, hata wakiipata, ikigawanywa kwa wanane haitoshi karo ya muhula mmoja. Ushauri wetu haukutugharimu sisi hata faranga moja. Umemgharimu yeye, na jambo hilo limetukosesha raha kuliko tulivyotazamia. Mfarishi ulifungwa ndani ya khanga safi. Alipokuwa akitoka, mjane alituuliza kama twafahamiana na mkuu wa shule ya mwanawe. Tukamwambia kwamba Jumatatu asubuhi tutakwenda naye.