Kiu ya Papa

Mtoto aliyelelewa Kutulo akikutana na kiumbe kigeni huuliza kwanza kinakunywa wapi. Kwenye ile barabara ya Wajir kwenda Mandera kiangazi kikikaza, silanga hukauka mpaka udongo ukapasuka, na watu hukesha wakingoja lori la maji. Basi tulipokuwa kisiwani Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, tukatembea ufuoni na familia, binti yangu alipoona papa hakutaka kujua kama anauma. Aliuliza, "Abo, huyu anakunywa chumvi yote hii?"

Walikuwa papa wachanga wa mwambani, urefu wa mkono wangu hivi, rangi ya mchanga uliolowa. Ncha za mapezi ni nyeusi tititi, na kwenye pezi la mgongoni, chini ya ule weusi, pana utepe mweupe. Maji yaliwafika watu magotini tu, na hapo ndipo papa wachanga hupenda kukaa, maana wakubwa wenye njaa hawapafikii kwa urahisi. Hawatulii. Papa wa aina hii hupumua kwa kwenda: maji huingia mdomoni yakatokea kwenye matamvua, na akisimama muda mrefu pumzi humwishia. Wakapita, wakageuka, wakapita tena. Mama mkwe akasema Subhanallah, na mkono wa mjukuu hakuuachia.

Wapo pale kwa sababu mwamba wa upande wa magharibi ya kisiwa umefungwa kwa wavuvi tangu mwaka 1994. Kisiwa chenyewe ni kidogo: mnara wa taa wa mwaka 1904, msikiti wa zamani wa walinzi wa mnara, na msitu juu ya mawe ya matumbawe.

Swali la mtoto lakini lilinikaa. Kwa mwili wa kiumbe, bahari ni nchi kame. Chumvi iliyoko nje huvuta maji yaliyomo ndani, na changu au tasi akitaka kuishi lazima anywe maji ya bahari kutwa nzima, kisha aitoe ile chumvi kwa matamvua. Papa hakupewa njia hiyo. Kuna taka inayoitwa urea, ambayo figo zetu huiharakisha kwenye mkojo kabla haijatudhuru. Papa huibakiza damuni, kwa kiasi ambacho kingemuua mtu. Kwa hiyo damu yake imekolea kuipita bahari kidogo, na bahari haina la kumnyonya. Maji ndiyo humwingia yenyewe, taratibu, kupitia matamvua. Anaishi bila kunywa, ndani ya maji. Kwa kuwa urea nyingi huharibu protini za mwili, amewekewa damuni kitu kingine cha kuzilinda. Na ile chumvi inayozidi hutolewa na tezi ndogo iliyo karibu na mwisho wa utumbo. Kila mvuvi aliyewahi kupasua papa ameitupa tezi hiyo pamoja na matumbo. Wanasayansi wenyewe walijua kazi yake mwaka 1960 tu.

Aliyenifungua macho zaidi ni mwanasayansi wa kike mzaliwa wa Denmark, Bodil Schmidt-Nielsen. Mwaka 1953 yeye na mumewe Knut walikwenda Sahara ya Algeria kuchunguza ngamia. Wakakuta kwamba ngamia akikosa maji na malisho mazuri, figo zake hupunguza kuimwaga urea. Urea hiyo hurudi tumboni, na vijidudu vilivyomo humo huigeuza kuwa chakula. Miaka kadhaa baadaye, kwenye pwani ya Maine huko Marekani, mama huyohuyo alichunguza figo za papa. Mmoja kwenye mchanga wa moto, mwingine baharini, na taka ileile ambayo sisi tunaimwaga ndiyo iliyowekwa iwahifadhi wote wawili. Wengine watasema ni sadfa. Mimi niliyekulia nyuma ya ngamia nasema Mola hapotezi kitu.

Papa akifa, urea hiyo huvunjika ikawa amonia. Ndiyo ile harufu inayokupiga puani sokoni penye papa mkavu, na ndiyo sababu wapishi wa pwani hawamtii papa chunguni kabla ya kumwosha sana na kumkamulia ndimu au kumtia ukwaju. Ukali wa ndimu huimeza amonia. Tulipopita soko la Darajani nikamweleza binti kwamba anachonusa ndicho kilichokuwa kikimkinga papa na kiu. Akaziba pua, akasema ngamia wetu ni wasafi zaidi. Bibi yake akacheka mpaka akashika meza ya muuzaji. Mtoto huyu bado hajasimama nyuma ya ngamia aliyekaa wiki mbili bila kunywa.